Barua Mbili za Shangazi

Siku hiyo Kengele hakupiga kengele.

Jina hilo la utani alilipata kwa tabia yake ya kuipiga kengele ya baiskeli tangu mwanzo wa mtaa, mara tatu, hata kama hakuwa na barua ya mtu yeyote. Mtaa mzima ulijua kwamba ile ya tatu, ile ndefu, haikuhusu posta. Ilikuwa ya binti wa fundi magodoro. Lakini mchana ule aliusukuma mlango wa karakana kwa bega, akaingiza baiskeli ndani, akaufunga mlango nyuma yake kwa mgongo, na binti akajua kuna jambo hata kabla ya kumwona usoni.

Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro la hospitali, shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Nyuzinyuzi nyeupe za sufi zilikuwa zimemganda kwenye nywele na nyusi, kama siku zote. Ndiyo maana tangu utotoni wote walimwita Sufi.

“Umekimbia,” alisema.

“Nimeendesha haraka.”

“Jasho hilo si la baiskeli.”

Kengele alivua kofia ya posta, akamtazama. Alikuwa na macho ya kucheka, macho ambayo yalikuwa yamemponza Sufi tangu siku ya kwanza alipomletea barua isiyokuwa yake, akaja kuichukua, kisha akaileta tena. Leo macho hayo hayakucheka. Yalimpitia usoni taratibu, paji la uso, mashavu, midomo, kama mtu anayesoma anwani na kuogopa kuisahau.

“Usinitazame hivyo,” Sufi alisema. “Unanitisha.”

Juu ya vichwa vyao, darini, mtu alikohoa.

Wote wawili waliinua macho. Kule juu, nyuma ya marobota ya sufi, walikuwa watu watatu: mwalimu wa shule, mkewe, na mama yake mzee. Walikuwa watu wa milimani. Miezi minane ilikuwa imepita tangu jeshi la wageni liuteke mji, na miwili tangu lianze kuchoma vijiji vya milimani na kuwasaka waliokimbia. Tangazo lilibandikwa kila ukuta: atakayewaficha atapigwa risasi mbele ya nyumba yake. Siku tangazo lilipobandikwa, vijana saba wa mji walikutana na kukubaliana kulivunja. Mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye aliyesimama sasa karakanani akiikunjakunja kofia yake.

Yeye alikuwa mchambuzi wa barua asubuhi na msambazaji mchana. Kazi yake katika kundi ilikuwa moja, na hakuna mwingine ambaye angeiweza: kuzitoa kwenye mfuko barua za wasaliti kabla hazijafika kwa kamanda. Watu walikuwa wakiandika. Jirani kumhusu jirani, mume kumhusu mke. Alizisoma chooni, akawaonya waliotajwa, akazichoma.

“Vumbi la sufi linamuua yule mama,” alisema Kengele kwa sauti ya chini.

“Baba naye hukohoa. Miaka thelathini ya kazi hii. Akisikia wa juu, naye anakohoa, watu wanadhani ni yeye.” Sufi alijaribu kutabasamu. “Ni mpaka Ijumaa tu. Si ulisema Ijumaa wanavuka mto?”

“Waondoke leo.”

“Leo?”

“Baba yako ana kibali cha kupeleka magodoro hospitali, si ndiyo? Aifanye safari leo badala ya Ijumaa. Wavuke kabla ya amri ya kutotembea. Vijana watakuwa mtoni.”

“Kengele, kuna nini?”

“Kuna barua. Usiniulize zaidi.”

“Inatutaja sisi?”

“Inanitaja mimi. Baiskeli yangu, na mikate ninayopeleka kila Alhamisi kwenye tanuri la matofali. Tuliowaficha tanurini tumewahamisha tangu alfajiri, hakuna mtu pale. Barua ilikuwa imekwama chini ya sanduku, nimeiona usiku; ninayo, haijamfikia mtu. Yamekwisha.”

“Kama yamekwisha, mbona unatetemeka?”

Sufi alisimama, akamkaribia. Walikuwa hawajawahi kukaa karibu hivyo bila mtu wa tatu nyumbani kukohoa kwa makusudi au kuita kutoka jikoni. Harufu ya gundi ya posta na mvua ilikuwa kwenye koti lake. Kwa dakika nzima Sufi alitamani vita vyote viishie hapo, kwenye kifungo cha juu cha koti lile. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kuitoa barua.

“Sufi, nipe!”

“Nani aliyeandika haya juu yako?”

“Nipe, nakuomba. Utaumia bure.”

Hakuhitaji kuisoma. Herufi zilikuwa zimeinama upande wa kushoto, na kila mkia wa herufi ulipindwa kama ndoana. Yeye mwenyewe aliandika hivyo, kwa sababu aliyemfundisha kuandika, mezani jikoni, mkono juu ya mkono, ndiye aliyeandika barua hii.

“Shangazi,” alisema.

“Hajui kama nyumba yenu ina watu. Nimeisoma mara tano. Hajui. Anachotaka ni mimi niondoke mbele ya macho yako, basi. Wangenihamisha, wangenifunga wiki moja. Ndivyo anavyodhani.”

“Wangekuua!”

“Yeye hajui wanachofanya kule ndani. Ni watu wangapi wanaojua?” Akaichukua barua taratibu kutoka vidoleni mwake. “Usimwambie kitu. Subiri mpaka hawa wa darini wavuke. Mimi narudi kazini. Nisipoonekana zamu ya mchana, mkuu wa posta ataanza kuuliza.”

“Usiende.”

“Sufi.”

“Usiende leo. Leo tu. Sema unaumwa.”

Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumtoa nyuzi za sufi kwenye nyusi, moja moja, kana kwamba hakukuwa na haraka popote duniani. “Vita vikiisha nitakuja na wazee wangu. Nitakaa pale sebuleni nimevaa suti, na Shangazi yako atanisaga kama kawaida yake. Mbeba barua, hana mbele wala nyuma. Nami nitasema ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi, mpaka achoke.”

“Hachoki yule.”

“Nami sichoki.”

Alimbusu kwenye paji la uso, akavaa kofia, akaondoka. Sufi alibaki amesimama, akisikiliza magurudumu yakipotea kwenye mawe ya mtaa.

Aliahidi kunyamaza. Kweli alikusudia. Lakini alipoingia jikoni na kumkuta Shangazi akipanga sahani, amejifunga kanga kiunoni, akiimba polepole, damu ilimpanda kichwani.

“Shangazi, umeandika barua.”

Wimbo ulikatika. Shangazi aliweka sahani ya mwisho, akainyoosha ikae sawa na nyingine. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka minne. Hakuwa na mtoto mwingine. Mumewe alikuwa ameondoka na vijana wenye moto, katika vita vya zamani vilivyokwisha kusahauliwa, akiahidi kurudi baada ya siku tatu.

“Nani kakwambia?”

“Kwa hiyo ni kweli.”

“Ni kweli.” Shangazi aligeuka. Hakuwa na aibu usoni, ila uchovu. “Yule kijana ana jambo. Mikate yote ile ni ya nani? Anakwenda kufa, na anataka ufe naye. Mimi nimekuwa mjane kwa miaka ishirini na mitano, Sufi. Ishirini na mitano nalala nasikiliza mlango. Sitakubali na wewe uusikilize.”

“Ukaona bora umuuze?”

“Wamwogopeshe tu! Wamfunge siku chache, wampeleke posta ya mji mwingine. Utalia, halafu utasahau.”

“Shangazi, wakimkamata hafungwi siku chache. Anakufa.”

“Usikuze mambo.”

Baba yake aliingia kutoka uani, akifuta mikono. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. “Kuna nini humu? Sauti zinafika nje.”

“Dada yako,” alisema Sufi, “amemshtaki Kengele kwa kamanda.”

Fundi magodoro alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. Akajimiminia maji, akanywa. Na alipokuwa bado ana kikombe mdomoni, koo likishuka na kupanda, kikohozi kilisikika. Kirefu, cha kifua kibovu, kikatoka juu ya dari.

Shangazi alimtazama kaka yake. Akatazama kikombe. Akatazama dari. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia midomoni.

“Nani yuko juu?”

Fundi alikiweka kikombe mezani.

“Kaka. Nani yuko juu ya kichwa changu?”

“Watatu,” alisema baba yake. “Wa milimani. Leo siku ya tisa.”

Shangazi alishika ukingo wa meza. “Siku tisa nakula na nyinyi meza moja, hamniambii.”

“Tuliogopa,” alisema Sufi. “Na tulikuwa na sababu. Lakini barua yako Kengele ameikamata. Anayo yeye. Haikufika.”

Alitegemea kuona nafuu kwenye uso ule. Badala yake, Shangazi alivuta kiti, akakaa.

“Ipi?” aliuliza.

“Ipi nini?”

“Ameikamata ipi? Niliyoitia kwenye sanduku wiki iliyopita? Sikujibiwa. Nikadhani imepotea. Nikaandika nyingine.” Sauti yake ilikuwa nyembamba. “Jana niliipeleka mwenyewe. Mkononi. Pale kwenye dirisha la kamanda. Yule karani akanipa kiti nikae, Sufi. Akaniuliza zamu ya mchana ya yule kijana inaanza saa ngapi.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi. Zamu ilianza saa nane.

Sufi hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka. Alikumbuka mtaa wa washona viatu, nyundo zikisimama alipopita. Alikumbuka kandambili moja ikimtoka na yeye kuiacha. Aliposhika kona ya uwanja wa posta, aliona kwanza lori. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango, injini inanguruma. Wanajeshi wawili walikaa nyuma yake wakivuta sigara, miguu inaning'inia. Wengine walikuwa wameshaingia ndani. Kupitia kioo aliona mgongo wa ofisa, na mkuu wa posta akitikisa kichwa mara nyingi kama mtu anayekubali kila kitu.

Kisha akamwona yeye. Alikuwa ametoka duka la dawa kuacha kifurushi akiwa njiani kurudi kazini, anaisukuma baiskeli kuelekea mlangoni, kichwa chini, kofia ya posta kichwani, mfuko begani. Hatua arobaini kutoka lori, na alikuwa bado hajainua macho.

Kupiga kelele asingeweza. Kumwita asingeweza. Wale wawili wa nyuma ya lori hawakuijua sura yake, lakini kofia wangeijua.

Sufi alivuka uwanja kwa hatua za haraka, akamfikia, na kumchapa kofi ambalo uwanja mzima ulilisikia.

“Mwongo mkubwa wewe!”

Kengele alirudi nyuma, mkono shavuni. “Sufi? Kuna nini?”

“Unaniuliza kuna nini? Unadhani sijui? Duka la dawa! Kila siku duka la dawa! Nani mgonjwa kwenu?” Aliipokonya kofia kichwani mwake na kuitupa chini ya meza ya muuza matunda. “Vua hiyo, unawaaibisha watu wa kazi. Na mfuko wako lete, ndimo unamoficha barua za wanawake wako!” Akauvuta mfuko begani, akaubana kifuani mwake.

Watu walianza kusimama. Mwanamke mmoja alisema, “Mpe, dada, mpe!” Wengine wakacheka. Nyuma ya lori, mwanajeshi mmoja alipiga mluzi na kumgusa mwenzake kwa kiwiko waangalie sinema.

“Sufi, nisikilize...”

“Sikusikilizi! Nenda kwa mwanamke wako wa mtoni! Nenda sasa hivi, usirudi hata kuchukua nguo zako!” Alikuwa amesimama kati yake na lori, na machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu machozi yalistahili. “Sikupendi. Unasikia? Sijawahi kukupenda hata siku moja.”

Kengele alimtazama machoni. Kisha macho yake yalipanda juu ya bega lake, yakaona lori, yakaona kioo, yakashuka tena. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa wazi kabisa, na ndani yake Sufi aliona yote, ahsante na kwaheri na hofu, mpaka akadhani kila mtu uwanjani anayaona.

Halafu akakunja uso, akapanda baiskeli.

“Haya!” alifoka kwa sauti kubwa. “Naenda kwake! Na nitamwoa huyo huyo, ukae ukijua!”

Umati uliguna. Baiskeli ikageuka, ikaingia uchochoro wa watengeneza mapipa, ikapotea. Sufi alikaa chini kwenye mawe, amekumbatia mfuko, akalia kwa sauti. Hakuwa anaigiza tena. Ofisa alipotoka mlangoni na kuuliza makelele yale ni ya nini, mwanajeshi mmoja alimjibu kuwa ni mapenzi tu, bwana.

Haikupita saa moja wanajeshi wakafika nyumbani kwa kina Sufi. Mkuu wa posta alikuwa amewaeleza ni nani yule msichana aliyelia uwanjani. Ofisa alikuwa kijana, msafi, mwenye adabu ya kutisha. Alikaa kwenye kiti cha fundi bila kukaribishwa, akaweka barua mezani, kati ya sahani ambazo hakuna aliyezigusa.

“Yuko wapi?”

“Sijui,” alisema Sufi. “Tumeachana. Mji mzima shahidi.”

“Nimesikia.” Alitabasamu kidogo. “Kofi lilikuwa kali, wanasema. Na barua hii ameandika nani?”

“Mimi,” alisema Shangazi.

Alikuwa amesimama karibu na jiko. Hakumtazama Sufi.

“Mikate. Tanuri la matofali. Tumekwenda kwenye tanuri, mama. Hakuna hata panya. Uliyoyaandika ni ya kweli?”

Baba yake Sufi alianza kukohoa, akakohoa mfululizo, mkono kifuani, macho yanamtoka. Ofisa alisubiri amalize. Chumba kikawa kimya, na juu pia.

“Si kweli,” alisema Shangazi.

“Samahani?”

“Nilitunga. Huyu binti nimemlea mimi. Yule kijana hana hadhi ya kumwoa. Nilimwambia binti, hakusikia. Nikaona nyinyi mtanisaidia.” Akainua kidevu. “Sasa wameachana wenyewe. Ningengoja siku moja tu, nisingepoteza wino.”

“Unajua adhabu ya kuidanganya ofisi ya kamanda?”

“Hamkuibandika ukutani hiyo.”

Ofisa hakucheka. Aliikunja barua. “Utakuja na sisi. Utarudia maneno hayo mbele ya watu wanaojua kuuliza.”

“Niruhusu nivue kanga ya jikoni.”

Alivua, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Alipompita Sufi alisimama, akamtengeneza ukosi wa gauni, kama alivyokuwa akifanya asubuhi za shule. Vidole vyake vilikuwa baridi.

“Chakula kinapoa,” alisema. “Kuleni. Wote.”

Ofisa alidhani anawaambia wawili. Lori liliondoka naye, amekaa katikati ya wale wanajeshi wawili, mgongo umenyooka.

Baba na binti waliwapandishia watu wa darini chakula, kisha wakawashusha. Mkokoteni wa punda uliingizwa karakanani. Magodoro matatu yalitolewa sufi upande wa katikati, na ndani yake watu watatu wakalala chali, na Sufi akawashona akiwaachia matundu ya kupumulia chini ya mistari ya kitambaa. Yule mama mzee alikuwa wa mwisho. Alipewa asali na kitambaa cha kuuma mdomoni.

“Tulisikia yote,” mzee alisema kabla ya kulala. “Na kijana wako?”

“Nilimwambia simpendi. Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.”

“Alikuelewa?”

Sufi aliitia shazia uzi. Mzee aligusa mkono wake, akaingiza kitambaa mdomoni, akafumba macho, na mshono ukampitia juu.

Saa kumi na robo mkokoteni ulitoka. Sufi alisimama mlangoni akiupima moyoni: sasa wamefika kwenye kona, sasa kwenye kizuizi, sasa wanadungwa kwa singe za bunduki. Alingoja mlio wa risasi. Hakuusikia, na hakujua kama kutousikia ni habari njema. Alifagia karakana mara mbili. Alimngoja Shangazi pia. Kila lori lililokuja lilipita bila kusimama.

Dakika chache kabla ya amri ya kutotembea, baba yake alirudi na mkokoteni mtupu. Alikuwa amezeeka miaka mitano kati ya alasiri na magharibi.

“Wamevuka?”

“Wamevuka. Kwenye kizuizi walidunga singe godoro la juu, lile halikuwa na mtu.” Alikaa kwenye kizingiti. “Shangazi yako?”

“Bado.”

Alifumba macho, akafumbua. “Kuna kijana alikuwa mtoni kabla yetu. Hana kofia. Shavu limevimba.”

Sufi alishika mlango. “Amesema nini?”

“Mtumbwi ulikuwa unasubiri, wenzake wanamvuta shati, maji yamemfika magotini. Na yeye amenishika mkono hataki kuniachia. Ananiomba nikuoze kwake.” Fundi magodoro alikohoa, na safari hii ilikuwa karibu kilio. “Pale pale, kwenye matope.”

“Nawe ukamjibu nini, Baba?”

“Nikamwambia sina mamlaka hayo. Nikamwambia arudi, akaombe kwa Shangazi yako.”

Sufi alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikageuka kilio katikati. Akakaa kando ya baba yake kwenye kizingiti, akaegemeza kichwa begani kwake, na wote wawili wakautazama mtaa ambao haukuwa na mtu, mpaka doria ikapita na kuwaamuru wafunge mlango.